Bunduki ya Bombeni

Daktari Fardosa alimimina vipande vitatu vya chuma kwenye kisahani cha chai, akakisukuma mezani, akasema ndivyo hivyo, hakuna kingine. Risasi haipo. Ameitafuta shingoni, ameitafuta begani, amemgeuza marehemu mara mbili, na kama Inspekta Swabra Shee haamini, basi glavu zile pale, aingie akatafute mwenyewe.

Swabra hakuingia. Alikuwa mwanamke wa Kipini, mfupi, miaka arubaini na mitano, mwenye ulimi mchungu kwa sababu kazi yake ilikuwa chungu, na alishajua kwamba maiti humwambia Fardosa mambo mengi kuliko wanavyomwambia yeye. Alikichukua kipande kikubwa kwa kibano, akakipeleka dirishani. Kilikuwa kimepinda kama kigae cha mtungi. Upande wa nje kilikuwa na kutu. Upande wa ndani ulikuwa laini, na juu ya huo ulaini ilipita mifuo miwili myembamba, imekwenda mshazari.

Akauliza habari za mikono. Fardosa akasema wa kulia ni mzima, ila una masizi. Wa kushoto hauna kiganja cha kuitwa kiganja. Na shavu la kulia limeungua.

"Kwenye fomu umeandika nini?"

"Majeraha ya shingo, kuvuja damu. Bosi wenu alinipigia simu jana mara mbili, anataka niandike amepigwa risasi. Nimemwambia aniletee hiyo risasi, nitaiandika."

Swabra akavitia vipande ndani ya bahasha, akaifunga, akatia sahihi pale ilipofungwa. Kabla ya kuletwa upelelezi alikaa miaka minne kwenye ghala la silaha, akifungua bunduki za watu wavivu na kuzikwangua uchafu wao. Mifuo ile aliijua. Lakini hakusema neno, kwa sababu Fardosa alikuwa rafiki yake na rafiki hasemi uongo vizuri anapoulizwa na wakubwa.

Marehemu aliitwa Buya Dhadho. Alikuwa mkuu wa polisi wa akiba wa Bombeni, kijiji cha wakulima kilichoko mwendo mfupi tu kutoka Kulesa. Serikali ilikuwa imempa bunduki kuukuu, ile ya kukokwa kwa mkono kila baada ya risasi, alinde watu wake. Jumanne, saa kumi alasiri, aliichukua akaenda shambani kwake kando ya malka, njia ambayo ng'ombe wa Waorma huteremkia mtoni kunywa maji. Mlio ukasikika. Wanaume walipofika walimkuta kwenye migomba, na juu yake ameinama mchungaji wa Kiorma, Abduba Galole, damu hadi viwikoni, mikono yote miwili imekaza kitambaa shingoni mwa Buya. Bunduki haikuwepo. Basi hesabu ilipigwa pale pale na watu wenye mapanga mkononi: Waorma wamempiga mzee, wamemkaba amalizike, na wenzake Abduba wametoroka na bunduki. Isingekuwa mchungaji wa kanisa kulala juu yake, Abduba angechomwa moto.

Leo ilikuwa Alhamisi. Maziko saa nane mchana. Kesho asubuhi Abduba alitakiwa kortini kwa kosa la kuua. Bombeni walikuwa wameshachimba handaki kuikata malka, na ng'ambo ya handaki ng'ombe wenye kiu walikuwa wakilia na wenye ng'ombe walikuwa wakijikusanya. Kila mwenye akili katika bonde lile alijua mambo hayo huishia wapi, kwa sababu mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, wakulima na wafugaji walipouana, yaliishia huko, na wapo watoto waliomaliza shule bila baba kwa ajili ya mwaka ule. Wasio na akili nao walijua, ila wao walikuwa wakinoa.

*

Abduba alikuwa kwenye seli ya kambi ya polisi, nje kidogo ya Garsen. Nje ya lango mkewe, Barwako, alikuwa ameketi tangu alfajiri na kibuyu cha maziwa ambacho askari walikataa kukipokea. Swabra alikichukua, akakiingiza ndani yeye mwenyewe, akangoja mtu yule anywe. Kisha akafungua faili. Maelezo ya mshukiwa yalikuwa mistari minne, na miwili kati ya hiyo ilikuwa jina na kabila.

Akamwambia aanze upya, polepole, kwa Kiswahili alichonacho.

Abduba alikuwa mtu wa miaka hamsini, mkavu. Alisema alikuwa mbele ya ng'ombe. Akasikia mlio mmoja, mzito. Ng'ombe wakatawanyika, naye akakimbia. Alipofika kwenye vichaka akasikia sauti ya mtu, akarudi.

"Mlio wa bunduki umekufukuza, halafu ukarudi kulekule. Ulirudia nini?"

"Mtu analia," alisema Abduba, kana kwamba swali lenyewe halina maana.

Akamkuta mzee amelala, damu inaruka shingoni. Akafungua shuka lake, akamfunga nalo, akashika. Alishika kwa nguvu kwa sababu damu ilikuwa haitaki kusimama. Hakumkaba. Ng'ombe aliyechomwa na pembe huzuiwa damu hivyo hivyo, na yeye hakujua njia nyingine ya kumzuilia mtu.

"Nani alifika mwanzo?"

"Mama moja, na jembe. Anaona mzee, anaona bunduki, anakaa chini. Halafu anabeba bunduki, anaenda. Mimi nafikiri anaita watu."

Swabra aliweka kalamu chini. Akamwuliza kwa nini hilo halimo kwenye maelezo yake. Abduba akajibu kwamba alilisema, ila afande aliyekuwa akiandika alikuwa ameshafunga kitabu.

Aliondoka mle selini akiwa na hasira ya kutosha siku nzima. Bosi wake, OCS, yaani mkuu wa kambi, alimkuta ukumbini akamkumbusha kwamba faili linatakiwa limefungwa kabla ya jioni, na kwamba huko juu wanataka jambo hili liishe kwa amani. Swabra akamwuliza amani ya nani. OCS akasema yeye hapendi maswali ya namna hiyo, akaenda zake kunywa chai.

*

Dereva wake siku hiyo alikuwa Koplo Maurine, msichana asiyependa maneno mengi, jambo ambalo Swabra alimshukuru Mungu kwalo. Waliiacha gari mwanzo wa kijiji, maana njia ilikuwa imejaa watu wa msibani.

Aliyewapokea alikuwa Elvis, mpwa wa marehemu na makamu wake katika polisi wa akiba. Alikuwa mtu wa miaka thelathini, amevaa koti la jeshi la Buya, macho mekundu. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomfanya awe hatari. Akawaonyesha nyayo za ng'ombe, akawaonyesha fimbo ya Abduba, akawaonyesha mahali ambapo majani yamelala na kusema hapo ndipo walipopita walioiba bunduki. Majani yale yalikuwa yamelazwa na ng'ombe. Akasema tena kwamba milio ilikuwa mitatu, na mashahidi anao wanne.

Swabra akawachukua mashahidi nyuma ya kanisa, mmoja mmoja. Wa kwanza akasema milio mitatu. Wa pili akasema mitatu. Akamwambia apige makofi jinsi ilivyofuatana. Yule bwana akapiga makofi mawili, akasita, akasema pengine ilikuwa miwili. Wa tatu alikuwa Kulesa kwa fundi baiskeli na alikuwa amehadithiwa. Wa nne alikuwa bibi kizee mwenye shamba la jirani. Alisema mlio ulikuwa mmoja tu, mzito, kama gunia la mahindi limedondoshwa juu ya bati, naye alimwambia Elvis hivyo tangu Jumanne, na Elvis akamwambia yeye ni kiziwi.

"Mimi si kiziwi, mwanangu," alisema bibi. "Ni kwamba sisikii wanachotaka nisikie."

Swabra akaomba kuiona stoo ya marehemu. Elvis akasema ameshaikagua, hakuna kitu mle ila chakula. Swabra akasema yeye ana njaa, na akaingia.

Stoo ile ilikuwa na sifa bonde zima. Buya Dhadho alikuwa jeshini zamani, na aliporudi alirudi na imani moja tu: kwamba iko siku serikali itazima kama taa, barabara itakatika, duka litafungwa, na mtu atabaki na kile alichojiwekea. Watu walimwita Nuhu kwa kumkejeli. Alitunza mahindi kwenye majerikeni, ameyachanganya na jivu, kila kifuniko kimezungushiwa nta ya nyuki na kuandikwa tarehe kwa chaki. Alikuwa na ndoo za mchanga na makaa za kuchujia maji ya mto, kambare waliokaushwa kwa moshi, chumvi, mbegu, mafuta ya simsim aliyokamua mwenyewe, hata njiti za kibiriti amezichovya kwenye nta moja moja. Basi wakamcheka. Halafu yakaja mafuriko, barabara ikakatika kweli, helikopta ikawa inapita juu kwenda kwingine, na Bombeni nzima ikala kutoka stoo ile kwa wiki sita. Tangu hapo hakuna aliyemcheka. Wakaanza kumsikiliza kwa kila neno, yakiwemo yale ambayo mtu mwenye kumpenda angemwambia anyamaze. Kura zinakuja, aliwaambia, na kura zikija na vita vinakuja, na malka ndiyo mlango wao.

Kwenye kona kulikuwa na sanduku la kusafishia bunduki. Swabra alipiga magoti. Lilikuwa sanduku la mtu mwenye adabu na kazi yake: chupa ya simsim, mswaki wa meno mkuukuu, kamba ya kuvutia kitambaa, na vitambaa vyenyewe vya flana nyeupe, vimekatwa mraba, vimepangwa. Ufito wa chuma wa kusukumia ulikuwa umetundikwa msumarini. Akaupitisha katikati ya vidole. Badala ya mafuta, vidole vikanata. Ulikuwa na nta, si nchani tu, bali urefu wa shibiri mbili.

Akamwita Elvis, akamwuliza kama Buya alikuwa akitia nta ndani ya bunduki. Elvis akaona ni swali la kipumbavu. Nta ilikuwa ya wakati wa mafuriko tu, mzee alikuwa akiuziba mdomo kwa nje, kijifuniko tu, maji yasiingie, na maji yakipungua anakibandua kwa ukucha. Ndani ilikuwa simsim na flana basi. Angemkuta mtu akitia kitu kingine mle angemkata mkono.

"Na wakati wa mafuriko bunduki yenyewe aliiweka wapi?"

Elvis akaonyesha chini ya rafu. Palikuwa na kipande cha bomba la maji la skimu ya zamani ya umwagiliaji, la plastiki, refu kama kimo cha mtoto, ncha zote zimezibwa kwa mbao na nta. Buya alilitumia kama ala: anaitia bunduki humo, anaziba, anazika mahali pakavu. Elvis akasema ameshaliona Jumanne ile ile. Limefungwa tangu maji yalipopungua, tarehe ya chaki ile pale.

Tarehe ilikuwa pale kweli. Lakini nta ya majerikeni yote ilikuwa imefanya weusi kwa vumbi, na nta ya bomba upande mmoja ilikuwa ya manjano, safi, bado ina alama za vidole. Vidole vyembamba. Swabra akamwambia Maurine ampeleke Elvis nje akaandike maelezo yake, na Maurine akaelewa kwamba yawe marefu.

Akaikata nta kwa kisu. Akatoa ubao, akainamisha bomba, na bunduki ya Bombeni ikateleza mapajani mwake.

Ilikuwa imepasuka pale ambapo mkono wa kushoto hushika. Chuma kilikuwa kimefunguka na kugeukia nje, na mti wa chini yake ulikuwa vibanzi vitupu. Akakitoa kile kipande kikubwa kwenye bahasha, akakiegesha kwenye pengo, kikakaa. Basi hakuna Mworma aliyempiga Buya Dhadho. Buya alikuwa amefyatua bunduki iliyozibwa, moto na chuma vikakosa pa kupita, vikatokea ubavuni. Akatoa bolti, kile chuma cha kukokea, akamulika kwa tochi ya simu. Mbele ya mpasuko kuta za mtutu zilikuwa zimepakwa nta, na ndani ya nta zilinata nyuzi za zambarau na njano. Flana ya Buya ilikuwa nyeupe.

Swabra alikaa chini pale pale na silaha miguuni, akatukana kimoyomoyo. Alikuwa amemtoa mtu kwenye kitanzi, na angepaswa kufurahi. Lakini mtutu haujizibi, na nyuzi zile alikuwa ameziona nusu saa iliyopita, mlangoni pa nyumba, kwenye leso ya mjane iliyochanika pindo.

*

Zipporah, mjane, alikuwa jikoni na wanawake wawili wa kanisa. Swabra aliwaomba wawapishe. Wakatoka wakiangaliana. Zipporah aliendelea kuchochea moto usiokuwa na sufuria juu yake.

Alikuwa Mgiriama, ametoka makazi ya kusini akaolewa Bombeni miaka ishirini na sita iliyopita, na kwa shemeji zake bado alikuwa mke wa kuja. Hilo Swabra alilijua, na alijua pia linamaanisha nini siku ya leo.

"Nimeiona kwenye bomba, dada," akasema.

Zipporah akaweka kijinga chini. Hakuuliza nini. Akasema amechoka, na kwamba tangu Jumanne alikuwa akingoja mtu aje amwambie hivyo, na alidhani atakuja mwanamume.

Kisha akaeleza, na Swabra akamwacha aeleze bila kuandika. Jumatatu kamati ya ulinzi ilikuwa imekaa barazani kwake, naye akiwapakulia chakula. Walikubaliana kwamba kundi la kwanza kuteremka malka lisipigiwe risasi hewani kama zamani. Apigwe mtu. Mmoja tu, wengine watajifunza. Elvis alitaka apewe yeye kazi hiyo. Buya akasema hapana, hiyo ni kazi ya mkubwa. Alisema hivyo huku anaomba aongezwe mchuzi.

"Nilimbembeleza mpaka alfajiri," alisema Zipporah. "Nikamwambia mwaka ule nilizika ndugu wawili, nilishinda matopeni na watoto, usinirudishe kule. Akaniambia mimi sina uchungu na ardhi hii kwa sababu si ya kwetu. Basi alipoenda kuoga mtoni nikachana leso yangu, nikaichovya kwenye nta, nikaisukumia ndani na kile kifito chake mpaka ikakaza."

"Ulitaka nini kitokee?"

"Isilie tu." Akamwangalia Swabra usoni kwa mara ya kwanza. "Bomba likizibwa, maji hayatoki. Bombeni sote tunajua hivyo. Nilidhani atafyatua, itakataa, ng'ombe watapita, atarudi nyumbani kunigombeza. Nilikuwa tayari hata kupigwa."

"Hakuichungulia kabla ya kutoka?"

"Miaka ishirini hajaacha kuichungulia. Siku hiyo alikuwa na hasira na mimi, akaichukua akaenda."

Swabra akamweleza kinachotokea ndani ya mtutu, kwa maneno machache, kwa sababu mwanamke yule alikuwa na haki ya kujua. Zipporah alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Akasema alipofika na jembe akaiona imefunguka alielewa mara moja, na kitu cha pekee alichofikiri ni kuificha, ili watu wasijue. Naye hakujua kwamba kuificha kwake ndiko kutamfanya yule mchungaji kuwa mwuaji.

"Nimejua jana. Nikanyamaza." Akashika pindo la leso yake. "Nimejinyamazia kabisa, dada. Nilimwona na shuka lake, alikuwa akimsaidia mume wangu, na mimi nikanyamaza."

Swabra akamwambia kesho yule mtu anapelekwa kortini, na leo baada ya maziko vijana wanavuka handaki. Bunduki akiionyesha peke yake, watamwambia polisi wamehongwa. Watauliza nani aliiziba, na yeye hatakuwa na jibu wanalotaka kulisikia.

Zipporah akauliza, "Ana watoto?"

"Sita."

Akavua leso ile iliyochanika, akaikunja, akampa Swabra mkononi.

*

Kaburi lilichimbwa nyuma ya stoo. Mchungaji wa kanisa alipomaliza sala, na kabla jeneza halijashushwa, Swabra aliomba nafasi. Elvis akasema si wakati wake. Swabra akaiinua bunduki juu kwa mikono miwili, imefunguka vile vile, na watu wakaigeukia, kwa sababu hakuna mtu pale ambaye hakuijua.

Akawaeleza. Akawapitishia wale waliokuwa jeshini waishike, na walioishika walitikisa vichwa wakampa mwingine. Ilipomfikia Elvis aliitazama muda mrefu, akatia kidole ndani ya mpasuko, akakitoa na nta. Kisha akauliza swali ambalo Swabra alijua litaulizwa. Nani?

"Mimi," alisema Zipporah.

Alisema yote, hadi kikao cha Jumatatu barazani, na wanaume waliokuwa kwenye kikao hicho walitazama miguu yao. Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Wanawake waliokuwa wameketi naye mkekani tangu Jumanne walivuta leso zao, wakasogea mmoja baada ya mwingine, mpaka mkeka ule ukabaki na yeye peke yake. Kaka wa marehemu akaamuru jeneza lishushwe. Watu wakatupa udongo kwa zamu, na zamu yake ilipofika kaka yule akashika koleo akaanza kufukia. Zipporah alibaki na udongo wake mkononi. Ndivyo walivyomlipa mtu wa pekee katika kijiji kizima aliyetaka mtu asife.

Hakuna aliyevuka handaki siku hiyo. Hasira yao ilikuwa imepata mahali karibu zaidi pa kukaa.

Njiani kurudi Garsen Swabra alikaa naye kiti cha nyuma. Hakumtia pingu. Alitafuta neno la kumwambia na kila alilolipata lilikuwa la kipolisi: kuua bila kukusudia, kuharibu silaha ya serikali, kuficha ushahidi. Mwishowe akashusha kioo cha dirisha. Maurine naye aliendesha huku akijifuta macho kwa mkono wa shati na kudai ni vumbi.

Kambini, Abduba aliachiliwa kwa sahihi moja, kama ilivyo desturi. Kumfunga kulikuwa kumechukua sahihi tano. Alipoambiwa yuko huru aliuliza kama handaki limefukiwa. Swabra akasema bado. Akauliza litafukiwa lini. Swabra akasema hajui, na hapo alikuwa mkweli, kwa maana hakuna aliyempa mtu yeyote amri ya kulifukia. Abduba akatikisa kichwa, akamfuata Barwako barabarani, waipeleke mifugo malka nyingine, mwendo wa siku mbili kwa ng'ombe ambao walikuwa na nguvu ya siku moja.

Zipporah akaletwa kaunta kuandikishwa. Elvis alikuwa pale. Alikuwa amekuja kwa pikipiki, ameitwa na OCS mwenyewe, na mbele yake juu ya kaunta palikuwa na bunduki nyingine, kuukuu kama ile ya kwanza, na kitabu cha kutia sahihi. OCS alieleza, bila kuulizwa, kwamba Bombeni haiwezi kukaa bila ulinzi hata siku moja, hali ni tete, huko juu wamesharuhusu. Swabra akamwuliza kama huko juu wanajua Jumatatu kamati ile ilikubaliana nini. OCS akasema hilo halimo kwenye faili.

"Litakuwemo," alisema Swabra.

"Andika," alisema OCS. "Nami nitalisoma."

Elvis hakugeuza uso. Aliandika jina lake, namba ya kitambulisho, namba ya silaha. Askari wa kaunta alikuwa akimwambia Zipporah avue hereni na mkufu. Alivivua, akaviweka juu ya kaunta karibu na kitako cha bunduki, na akaitazama kwa muda.

"Elvis," akasema. "Kila ukiishika, chungulia mtutu kwanza. Toa bolti, elekeza kwenye mwanga, uchungulie. Hata kama umeisafisha jana. Hata kama una hasira."

Kalamu ya Elvis ilisimama.

"Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mama," alisema Elvis.

Akatoa bolti, akaiinua bunduki kuelekea dirishani, akafumba jicho moja. Mtutu ulikuwa safi kabisa, mwanga ukipita moja kwa moja mpaka upande wa pili.